Muvi za vita za kutafsiriwa Mwanza: masimulizi matamu, ukamanda umevurugwa

Folda ya vita kwenye kompyuta za maduka ya muvi Mwanza haikosi wateja. Iwe Makoroboi, Igoma, Buzuruga au jirani na stendi ya Nyegezi, utaratibu ni uleule: unatoa flashi, unachagua singo, yaani muvi moja, au sizoni, yaani tamthilia ya sehemu nyingi, unawekewa, unalipa. Singo iliyotafsiriwa huenda kwa shilingi 500 hadi 1,000, na ukichukua nyingi kwa mkupuo bei inashuka. Mzigo huohuo unavuka maji kwa boti za Mwaloni Kirumba kwenda Ukerewe na visiwa vidogo, ukaishia kwenye vibanda umiza, yaani mabanda ya kuonyesha video, vya mialoni wanakoshukia wavuvi. Huko wavuvi wa dagaa hujazana zaidi siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa taa za kuvutia dagaa hazina nguvu na mitumbwi hubaki ufukweni.

Tathmini hii haihusu picha wala ubora wa mabomu. Inahusu jambo moja, nalo ni namna watafsiri wanavyousema uongozi wa jeshi: nani anaamuru, nani anaamriwa, mamlaka yake yametoka wapi na yanakomea wapi. Kwenye muvi ya mapenzi, cheo kikikosewa hakuna kinachoharibika. Kwenye muvi ya vita, hadithi imekaa hapohapo. Ofisa anakataa amri, mkubwa anauawa na mdogo anashika nafasi, makao makuu yanasema rudi na aliye mstari wa mbele anasema sirudi. Mtafsiri akivuruga uongozi, mtazamaji anabaki na milio ya risasi tu. Kwa utamu wa masimulizi tunawapa watafsiri nyota nne kati ya tano. Kwa lugha ya ukamanda wanapata mbili, na hiyo ya pili ni kwa ajili ya wachache wanaojitahidi.

Chanzo cha matatizo kinajulikana. Kwa Kiingereza, amri inayotoka mdomoni, mamlaka ya kuongoza askari, na makao yanayosimamia vikosi vyote huweza kuitwa kwa neno moja. Kiswahili cha jeshini kimeyatenganisha zamani. Amri ni ile inayotamkwa na kutekelezwa. Ukamanda ni mamlaka ya kuongoza kikosi, kitu anachokabidhiwa mtu na kinachoweza kuondolewa kwake. Kamandi ni muundo mkubwa wenye makao, maofisa na vikosi chini yake, kama tunavyosikia Kamandi ya Jeshi la Nchi Kavu, ya Anga na ya Wanamaji ndani ya JWTZ, jeshi letu la Tanzania. Mtafsiri asiyelijua hilo anachukua neno la kwanza linalomjia, yaani amri, na kulipachika kila mahali. Ndipo unasikia luteni aliyejaa vumbi, mkubwa wake amelala chini hana uhai, akipaza sauti: "Nachukua amri!" Anaichukua kutoka wapi? Askari wa kwetu angesema, "Kuanzia sasa kikosi kiko chini yangu," au kwa kifupi, "Nakaimu." Neno kaimu lipo, kila ofisi ya serikali inalijua, na linabeba maana inayotakiwa: mwenye nafasi hayupo, mimi naishika mpaka mwingine ateuliwe.

Baya zaidi ni "amri kuu imekataa." Mtazamaji anadhani kuna amri fulani kubwa iliyokataliwa na mtu. Kilichokusudiwa ni kwamba kamandi kuu, wakubwa walioko nyuma na ramani zao, wamekataa ombi la kikosi kilichoko mbele. Hapo "makao makuu yamekataa" ingetosha na ingeeleweka hadi mwalo wa mwisho.

Neno kamanda nalo linabebeshwa mzigo usio wake. Kamanda si cheo cha begani, ni wadhifa. Mkazi wa Mwanza analijua hili bila kwenda depo ya mafunzo, kwa sababu kila wiki anamsikia Kamanda wa Polisi wa Mkoa akizungumza na waandishi, na jina lake hutanguliwa na cheo chake halisi, kwa mfano Kamishna Msaidizi Mwandamizi. Cheo ni kimoja, wadhifa ni mwingine. Akihamishwa, cheo anaondoka nacho na ukamanda wa mkoa anauacha. Huko vijijini Usukumani, sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wana makamanda wao tangu miaka ya 1980 na hakuna aliyewahi kudhani ni ngazi ya kijeshi. Vyama vya siasa vina makamanda wao pia, na vijana wa mtaani wanaitana hivyo kwa heshima ya kirafiki. Kwa hiyo mtafsiri anapomwita koplo kamanda, meja kamanda na jenerali kamanda ndani ya dakika tano, hajasema uongo moja kwa moja, maana kila mmoja wao anaongoza watu fulani. Amefuta ngazi. Mtazamaji hajui tena nani anapaswa kumtii nani, na ile sehemu ambapo kapteni anamkatalia kanali inapita kama ugomvi wa watu wawili sokoni.

Ngazi zenyewe si nyingi, zinaweza kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni ya kompyuta. Kwa maofisa, kutoka chini: Luteni Usu, Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali, Kanali, Brigedia Jenerali, Meja Jenerali, Luteni Jenerali, Jenerali. Kwa walio chini ya maofisa: Praiveti, Koplo Usu, Koplo, Sajini, Sajinitaji, kisha Afisa Mteule Daraja la Pili na la Kwanza. Kuna mtego mmoja wa kuangaliwa. Kwenye majeshi ya Marekani na Uingereza, Luteni Kanali akiitwa kwa mdomo huitwa Kanali tu, na wenye ngazi ya jenerali wote huitwa Jenerali. Mtafsiri asipojua hilo anampandisha na kumshusha mtu mmoja cheo katika muvi nzima, mara Kanali mara Luteni. Tena wapo waliowahi kumwita Praiveti "Binafsi," wakaliweka mbele ya jina la ukoo kama vile ni jina la ubatizo.

Dawa rahisi ya mazungumzo ya ana kwa ana ni afande, na tunawapongeza wanaoitumia. Mdogo humwita mkubwa wake afande, awe mwanamume au mwanamke, na neno hilo linaokoa pumzi pale ambapo hakuna nafasi ya kutaja cheo kizima. "Ndiyo afande" inafaa kuliko "ndiyo bwana" au "ndiyo mheshimiwa" ambazo bado zinasikika. Ila afande hupanda, halishuki. Jenerali hamwiti kuruti afande. Raia anaweza kumwita askari polisi yeyote afande barabarani Nyerere au popote, ndiyo maana masikio ya watafsiri yamezoea kulisikia likielekezwa kwa kila mwenye sare, lakini ndani ya kikosi mkubwa humwita mdogo kwa cheo au jina. Afande likiruka pande zote mbili, ule ugumu wa kumkatalia mkubwa unapotea.

Sasa ukubwa wa vikosi. Hapa hasara ni kubwa na haionekani haraka. Karibu kila kundi la askari linaitwa kikosi, na pale mtafsiri anapojaribu kuwa makini anasema kampuni, mtazamaji akadhani kuna biashara imeingia vitani. JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, na JWTZ wana maneno yote na vijana waliopita kambini wanayatumia mpaka leo: seksheni, watu kama 10, platuni, kama 30 hadi 40, kombania, kama 100 hadi 200, batalioni, mamia kadhaa hadi kama 1,000, kisha brigedi yenye maelfu, na divisheni inayoweza kufika 10,000 na zaidi. Idadi hubadilika kwa nchi na kwa zama, lakini uwiano unabaki. Meja anapolia redioni kwamba platuni mbili zimekwisha, amepoteza watu 60 hadi 80. Ikiwa ni batalioni mbili, ni msiba wa taifa. "Vikosi viwili vimekwisha" haimwambii mtazamaji kama alie au asubiri.

Na ukubwa wa kundi ndio unaokuambia nani anastahili kuliongoza. Luteni na platuni, sajini akiwa msaidizi wake. Kombania kwa Wamarekani huongozwa na Kapteni, kwa Waingereza mara nyingi ni Meja. Tofauti hiyo ndiyo inayowachanganya watafsiri wanaorukia muvi ya Uingereza baada ya kuzoea za Marekani, wakadhani Meja aliye na watu 120 ameshushwa. Batalioni ni ya Luteni Kanali. Ukiona sajini amebaki anaongoza kombania, ujue maofisa wote wamekwisha, na mwandishi wa hadithi alitaka ushtuke. Kwenye nakala nyingi za Mwanza mshtuko huo haupo, kwa sababu sajini alikuwa kamanda tangu mwanzo.

Juu kabisa kuna majina matatu yanayogombaniwa bure: Amiri Jeshi Mkuu, Mkuu wa Majeshi na jemadari. Katiba yetu, ibara ya 33, inamtaja Rais kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Kwa hiyo Rais wa Marekani akisimama ndani ya muvi kuagiza shambulio, kumwita Amiri Jeshi Mkuu ni sahihi kabisa, maana na yeye katiba yao inampa nafasi hiyo. Jenerali aliyeko uwanjani si Amiri Jeshi Mkuu hata awe na nyota nne. Mfano mzuri ni Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mwalimu Nyerere alikuwa Amiri Jeshi Mkuu, Abdallah Twalipo alikuwa Mkuu wa Majeshi, na Meja Jenerali David Musuguri aliongoza Divisheni ya 20 iliyoingia Uganda. Watu watatu, ngazi tatu, mamlaka tatu tofauti juu ya vita moja. Jiji hili liliwahi kudondoshewa mabomu na ndege ya Libya, iliyokuwa upande wa Uganda, Machi 1979, na lina watazamaji wengi wanaoitambua tofauti hiyo bila kufundishwa, ukiwachanganyia wanazima.

Jemadari ni neno zuri na lisiachwe life. Linakaa vizuri kwenye muvi za mapanga na farasi, za falme za kale, na kwenye hotuba ya kumsifu shujaa. Kwenye jeshi la sasa lenye redio na vifaru halina ngazi linayoonyesha, hivyo likitumika kama cheo linaleta ukungu. Muvi za vita vya Wajerumani Afrika Mashariki zina msamiati wake mwingine, ombasha kwa koplo na shaushi kwa sajini, na mtafsiri anayeyatumia hapo anastahili nyota ya ziada.

Majini hali ni mbaya kupita nchi kavu, jambo la kusikitisha kwa mji wa bandari. Kapteni wa jeshi la majini si sawa na Kapteni wa nchi kavu. Yule wa majini yuko ngazi moja na Kanali. Tena kuna cheo cha majini kinachosikika kama kamanda, kilicho chini ya huyo Kapteni na sawa na Luteni Kanali. Mtafsiri anatamka yote kama yalivyo, na mtazamaji wa Kirumba anauliza swali la haki: kapteni anamwamrishaje kamanda? Njia ya kutokea ni neno ambalo kila mtu aliyewahi kupanda MV Victoria kwenda Bukoba analo, yaani nahodha. Nahodha ni yule anayeongoza chombo, cheo chake chochote. Jeshini majini ni hivyohivyo: anayeiongoza meli huitwa kwa heshima ya nahodha hata kama begani ana ngazi ya chini. Basi aliye na usukani wa manowari aitwe nahodha, na wengine wote waitwe kwa cheo pamoja na jina. Kwa askari wa Marine wa Marekani, tunashauri waachwe na jina lao. Kuwaita wanamaji huku wanapigana jangwani wiki nzima kunamfanya mtu atafute bahari iko wapi.

Turudi kwenye vitenzi, kwa sababu ndiko hadithi inakovunjika vipande. Kitenzi kinachoharibiwa kuliko vyote ni kile cha kumwondoa mtu kwenye nafasi. Kwa Kiingereza, askari wa lindo anayepokelewa na mwenzake na kanali anayenyang'anywa brigedi wanaelezwa kwa kitenzi kimoja. Wa kwanza amemaliza zamu, anaenda kulala. Wa pili amevuliwa ukamanda, pengine kazi yake imeishia hapo. Tumezoea kusikia jenerali, uso umekaza, akimwambia kanali aliyeshindwa: "Umepumzishwa." Sentensi hiyo ni ya upole kiasi kwamba kilio kinachofuata hakieleweki. Iwe "nakuvua ukamanda" au "kikosi kinachukuliwa na mwingine." Kinyume chake kipo pia: mkubwa anamaliza kikao na kuwaruhusu watu watoke, mtafsiri anasema "mmefukuzwa," na dakika moja baadaye hao waliofukuzwa wako kazini. Neno ni "tawanyikeni," au kwa mtu mmoja, "nenda."

Kusitisha mapigano nako kuna sura mbili. Sajini handakini anayewazuia watu wake anasema "Acha kupiga!" Serikali mbili zinazokubaliana zinasitisha mapigano. Ya kwanza inadumu sekunde chache, ya pili huwa na wino na mashahidi. Nakala nyingi zinampa sajini mamlaka ya kumaliza vita. "Moto!" badala ya "Piga!" tunaisamehe, kwa sababu imeshazoeleka na inaeleweka, lakini "shika moto wako" badala ya "msipige" haisameheki. "Nifunike" badala ya "nikinge" inamfanya mtu atafute blanketi. Kwa amri za gwaride hakuna udhuru wowote: mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka, mbele tembea. Kila shule yenye skauti inazo. Kwenye redio, acheni "ova" na "roja" zibaki zilivyo. Ndivyo zinavyosemwa hata na walinzi wa usiku wenye redio za mkononi.

Kuna mtu mmoja ambaye karibu hajawahi kutafsiriwa vizuri. Ni ofisa anayekaa karibu na jenerali, ana makaratasi, anajua risasi zimebaki ngapi na barabara ipi imekatwa. Wanamwita mkuu wa wafanyakazi, kama vile anagawa mishahara. Kwetu huyo ni Mnadhimu Mkuu, na maofisa walio chini yake ni wanadhimu. Mnadhimu hupanga, hukokotoa, hushauri, huandika amri kwa niaba ya mkubwa. Haongozi askari kwa mamlaka yake mwenyewe. Muvi nyingi nzuri za vita zimejengwa juu ya mvutano kati ya anayeongoza na anayepanga: mmoja anaona watu wake wanakufa, mwingine anaona mafuta yameisha. Ukimwita huyu mkuu wa wafanyakazi, mvutano unakuwa wa mwajiri na karani.

Sehemu ambayo mtafsiri anaweza kujiandaa kabla hajagusa maikrofoni ni ile ya mkutano wa ramani. Takribani kila muvi ya vita vya kisasa inayo. Anayeongoza anasimama, wengine wanainama mezani, anaongea kwa kasi. Watafsiri wengi huishiwa hapo na kusema "anawaeleza mpango." Kumbe mpango huo una umbo linalojulikana, sehemu tano kwa mfuatano: hali, yaani adui yuko wapi na wetu wako wapi; kazi, kwa sentensi moja; utekelezaji, nani aende wapi na lini; utawala na ugavi, yaani risasi, chakula, majeruhi; na mwisho uongozi na mawasiliano. Ukijua mfuatano huu unajua sentensi inayokuja kabla haijaja, na unaweza kuifupisha bila kuipoteza. Sehemu ya tano ndiyo ya thamani kuliko zote kwa hadithi, maana ndipo hutajwa nani atashika kikosi kama kiongozi akianguka. Ikirukwa hapo, dakika ya 70 anapoanguka kweli, yule anayesimama anaonekana amejipachika. Mtafsiri mwenye haraka aruke ugavi. Sehemu ya tano asiiguse.

Kwa ufundi wa sauti tuna machache. Karibu wote wanatumia sauti ya mtu mmoja kwa wahusika wote, na hilo si kosa; ndio utamaduni wenyewe na mabingwa wake wanajua kubadili koo. Lakini sauti ikiwa moja, amri lazima itaje mlengwa. "Kapteni, peleka platuni ya pili darajani" inaeleweka hata kwa aliyegeuka kununua karanga. "Wapeleke pale" haieleweki. Amri pia iwe fupi kuliko maelezo: neno moja, kimya, kisha kitendo. Watafsiri wengi wanaendelea kusimulia juu ya kitendo, wakisema steringi, yaani mhusika mkuu, anawaza nini, na amri inayofuata inawapita. Sauti ya asili ipunguzwe desibeli 12 hadi 15 wakati mtafsiri anaongea na irudishwe akinyamaza. Ikipunguzwa moja kwa moja muvi nzima, mizinga inasikika kama milango inayofungwa chumba cha pili.

Mnunuzi anaweza kupima nakala dukani kabla hajalipa, na wenye maduka wengi hawakatai. Usiangalie mwanzo, mwanzo umepambwa. Omba urukiwe hadi kwenye mkutano wa ramani, usikilize kama sehemu za mpango zinatajwa. Kisha mapambano ya kwanza: je, unajua nani anamwambia nani? Mwisho tafuta pale mkubwa anapoanguka au anapoondolewa, kwa kawaida baada ya nusu ya pili kuanza. Ukisikia kaimu, chini yangu, amevuliwa ukamanda au hata sentensi ndefu yenye maana hiyo, chukua. Sizoni kwa ujumla zimetafsiriwa vizuri kuliko singo, kwa sababu mtafsiri anakaa na wahusika walewale sehemu baada ya sehemu na vyeo vinatulia mdomoni.

Ukishachagua nakala, angalia na flashi yenyewe: ya GB 8 hubeba singo kumi hivi za MB 700. Kama imepangwa kwa mfumo wa FAT32, faili moja linalozidi GB 4 litakataa kuingia hata kama nafasi ipo, kwa hiyo omba toleo dogo au ubadilishiwe mfumo wa flashi, ukijua kwamba hilo litafuta vilivyomo. Runinga za zamani husoma MP4 ya kawaida na kugoma kwa mafaili ya HEVC, mfumo mpya zaidi wa kubana video: sauti inakuja, picha haiji. Hilo linawakuta zaidi watu wa visiwani, ambao kurudi dukani ni nauli ya boti.

Kuna jambo la haki pia. Nyingi ya nakala hizi hazina ruhusa ya mwenye kazi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iko wazi kuhusu hilo. Matokeo yake yanaonekana hata kwenye lugha. Kazi isiyo na mkataba haina mhariri, haina anayelipwa kuisikiliza upya, na kosa la vyeo lililofanywa mara moja linazunguka miaka. Kampuni ikinunua haki ya kuonyesha muvi ya vita kwa Kiswahili na kumweka ofisa mstaafu mmoja chumbani kwa saa tatu asikilize, karibu makosa yote yaliyotajwa hapa yangeondoka.

Mwenye kibanda umiza anayenunua kwa ajili ya watu hamsini ana nguvu kuliko mnunuzi wa singo moja. Muvi maarufu ya vita huwa na matoleo mawili au zaidi ya watafsiri tofauti, na dukani hutoa lililo juu kwenye folda bila kuuliza. Aulize yapo mangapi, asikilize kila moja pale kiongozi anapoanguka, na lile linalosema "nachukua amri" aliache.